Retikulosaiti

Retikulosaiti ni seli nyekundu ya damu ambayo bado ni changa. Hutengenezwa katika uboho (pia: uloto) wa mifupa, kisha huingia katika mzunguko wa damu na kukomaa humo baada ya siku 1 hivi. Kwa mtu mzima mwenye afya, retikulosaiti ni takriban asilimia 0.5 hadi 2 ya seli nyekundu zote. Watoto wachanga huwa nazo nyingi zaidi katika siku za kwanza za maisha.

Hesabu ya retikulosaiti ni kipimo cha maabara kinachoonyesha kama uboho unatengeneza seli nyekundu za kutosha. Kipimo cha hemoglobini huonyesha kwamba damu imepungua. Hesabu ya retikulosaiti husaidia kujua kwa nini imepungua.

Jina limetokana na neno la Kilatini reticulum, yaani "wavu mdogo". Sababu ni kwamba mabaki ya RNA ndani ya seli hizo, yakitiwa rangi maalumu, huonekana chini ya darubini kama nyuzi za buluu zilizosukwa.

Utengenezaji wa seli nyekundu

Seli nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa hasa katika wengu na ini. Ili kufidia zinazokufa, mwili wa mtu mzima hutengeneza takriban seli milioni 2 kila sekunde. Kazi hiyo hufanyika hasa katika uboho wa uti wa mgongo, mbavu, kidari, nyonga na fuvu. Kwa mimba changa hufanyika kwanza katika kifuko cha kiini-yai, halafu katika ini, na mwishoni katika mifupa.

Utengenezaji huanzia kwenye seli shina. Hatua kwa hatua seli hupungua ukubwa, hujaza hemoglobini, na hatimaye hutoa nje kiini chake. Baada ya kiini kutoka, seli huitwa retikulosaiti.

Kasi ya kazi hiyo huongozwa na homoni ya eritropoetini, ambayo kwa mtu mzima hutoka hasa katika figo. Oksijeni ikipungua mwilini, figo hutoa homoni hiyo kwa wingi na uboho huongeza kasi. Ndiyo sababu wagonjwa wengi wenye figo zilizoharibika hupungukiwa damu. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019 kwa kueleza jinsi seli zinavyotambua kiasi cha oksijeni.

Uboho huhitaji pia malighafi: madini ya chuma, foleti, vitamini B12 na protini.

Jinsi ya kupima

Damu huchanganywa na rangi kama buluu mpya ya methilini wakati seli zingali hai, huachwa kwa muda katika joto la nyuzi 37, kisha hupakwa kwenye kioo cha darubini. Mtaalamu wa maabara huhesabu kwa kawaida seli nyekundu 1,000 na kuona ni ngapi zenye wavu. Maabara kubwa hutumia mashine.

Asilimia peke yake inaweza kupotosha. Seli zilizokomaa zikiwa chache, retikulosaiti zitaonekana nyingi hata kama hazijaongezeka. Kwa hiyo asilimia huzidishwa kwa hematokriti ya mgonjwa na kugawanywa kwa 45, ambayo ni hematokriti ya kawaida. Tena, damu ikipungua sana retikulosaiti hutoka kwenye uboho mapema na kukaa katika damu muda mrefu zaidi, hivyo jibu hugawanywa tena kwa muda huo.

Mfano: mgonjwa ana hematokriti ya asilimia 25 na retikulosaiti asilimia 4. Kwa haraka hesabu hiyo inaonekana kubwa. Lakini 4 × 25 ÷ 45 ni 2.2, na kwa hematokriti hiyo muda wa kukomaa ni siku 2, hivyo jibu la mwisho ni 1.1. Kwa mtu aliyepungukiwa damu, jibu chini ya 2 humaanisha kuwa uboho haujaitikia vya kutosha. Likizidi 3 uboho unaitikia vizuri.

Maana ya matokeo

Hesabu ndogo kwa mtu mwenye upungufu wa damu huonyesha kwamba utengenezaji una kasoro. Sababu zake ni pamoja na:
* ukosefu wa chuma, foleti au vitamini B12
* ugonjwa sugu wa figo
* maambukizi au uvimbe wa muda mrefu
* uboho kushindwa kazi au kuvamiwa na saratani

Hesabu kubwa huonyesha kwamba uboho ni mzima lakini damu inapotea au seli zinavunjwa kabla ya wakati.

Tofauti hiyo ina uzito katika matibabu. Katika ugonjwa wa seli mundu (sikoseli), seli nyekundu huishi siku 10 hadi 20 tu, na uboho hufanya kazi mara nyingi zaidi ya kawaida; hesabu huwa kubwa siku zote. Vidonge vya chuma haviondoi chanzo hicho. Mgonjwa wa sikoseli ambaye hemoglobini yake imeshuka ghafla huku retikulosaiti zikikaribia kutoweka yuko hatarini: mara nyingi virusi vya parvo B19 vimesimamisha uboho, naye anaweza kuhitaji kuongezewa damu upesi.

Katika malaria kali seli huvunjwa kwa wingi, lakini mara nyingi hesabu hubaki ndogo kwa sababu ugonjwa wenyewe hukandamiza uboho. Hupanda baada ya vimelea kuuawa.

Kufuatilia matibabu

Retikulosaiti hupanda kabla hemoglobini haijabadilika sana. Mgonjwa aliyekosa chuma akianza dawa inayomfaa, hesabu hupanda ndani ya siku 5 hadi 10. Katika miaka ya 1920 George Minot na William Murphy, nchini Marekani, waliwalisha maini wagonjwa wa anemia hatari, na kupanda kwa retikulosaiti kulikuwa dalili ya mapema kwamba tiba inafaa. Walishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1934.

Katika michezo, kipimo hiki ni sehemu ya pasipoti ya kibiolojia ya wanariadha. Mwanariadha akiacha kujidunga eritropoetini, hemoglobini hubaki juu huku retikulosaiti zikishuka.

Mipaka ya kipimo

Baada ya kutokwa na damu nyingi, uboho huchukua siku kadhaa kuitikia. Hesabu ya siku ya kwanza inaweza kuwa ya kawaida. Kuongezewa damu hushusha asilimia. Kwa hiyo matokeo husomwa pamoja na hemoglobini, ukubwa wa wastani wa seli, ferritini na hali ya mgonjwa.