Mwaka wa Mwezi na Mwaka wa Jua



Mwaka 2023 walitujia ofisini wenzetu wawili, kila mmoja na karatasi yake mkononi, na karatasi zote mbili zikisema maneno yale yale. Mmoja alimkodisha mwenziwe mikarafuu kwa miaka mitatu, kuanzia mwezi mosi Mfunguo Nne. Siku ile ilikuwa kiasi cha tarehe 20 Agosti 2020. Mwenye shamba akasema muda umekwisha, kwani Mfunguo Nne wa tatu umeshaandama, nao uliandama Julai. Aliyekodi akasema la, miaka mitatu ni mpaka Agosti. Na katika mwezi ule wanaougombania karafuu zilikuwa mtini, zangoja wachumaji. Hapakuwa na mwongo kati yao. Tuliwapatanisha wakagawana, lakini tumeona ni wajibu wetu kueleza zile siku 32 zilipotelea wapi.

Binadamu hakupewa saa ila mbingu, na mbinguni mna saa tatu: ya siku, ya mwezi na ya mwaka. Taabu yote ni kuwa saa hizo hazigawanyiki sawasawa.

Siku ni ardhi kujizungusha kama pia. Sisi huianza jua linapokuchwa, ndiyo maana usiku wa Ijumaa kwetu hutangulia mchana wake; na saa za mchana twazihesabu tangu jua kuchomoza. Wageni hushangaa kusikia saa moja asubuhi, lakini hesabu hii ina akili yake. Visiwa vyetu viko nyuzi 5 mpaka 6 na kidogo kusini ya Ikweta, na mchana wetu mrefu kabisa haumzidi mfupi kabisa hata kwa dakika 45. Mtu wa London hawezi kuhesabu hivyo: mchana wake hupita saa 16 mwezi wa Juni, na Disemba haufiki saa 8.

Mwezi huizunguka ardhi kwa siku 27 na kiasi cha saa 8. Mbona basi twangoja siku 29 au 30 ndipo uandame? Ni kwa sababu wakati mwezi unazunguka, ardhi nayo haikusimama. Imeshasogea katika njia yake ya kulizunguka jua, na mwezi hauna budi kwenda siku mbili zaidi ili ulikute jua tena. Tangu mwandamo hata mwandamo, kwa wastani, ni siku 29, saa 12 na dakika 44. Nusu ya siku haiandikiki katika kalenda, kwa hiyo mwezi mmoja huwa wa 29 na mwingine wa 30. Miezi 12 hufanya siku 354, na mara nyingine 355.

Lakini ardhi hulizunguka jua kwa siku 365, saa 5, dakika 48 na sekunde 46. Kila mwaka, basi, mwezi hutangulia kwa siku 11 hivi. Kwa ajili hii Ramadhani huzunguka misimu yote, masika na kiangazi, kwa kiasi cha miaka 33. Na mzee mwenye miaka 66 ya jua anayo 68 ya mwezi, ajichagulie mwenyewe.

Mkarafuu haujui mwandamo. Ardhi imeinama katika mwendo wake, na kwa kuinama huko jua la utosi huenda kaskazini na kurudi kusini, na pepo zetu za kaskazi na kusi hulifuata, na mvua pamoja nazo. Mti hufuata mvua. Basi mavuno ni ya mwaka wa jua, hata kama mkataba ni wa mwezi.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya ofisi zetu. Kwa ibada walishika mwezi, na kwa kulima na kusafiri baharini walishika Nairuzi, mwaka wa siku 365, waliougawa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, zikabaki siku tano. Makunduchi Mwaka ungali unaogwa hata leo. Hesabu ile ilikuwa na kasoro moja, haikuongeza siku kila baada ya miaka minne, ikawa yarudi nyuma kidogo kidogo. Wazungu nao waliongeza kupita kiasi, hata mwaka 1582 Papa Gregory XIII akaamuru siku kumi zirukwe: Oktoba 4 ikafuatwa na Oktoba 15.

Nyota ndizo zilizosahihisha. Kila nyota huchomoza mapema kwa dakika 4 hivi kila siku, na baada ya mwaka hurudi palepale. Kilimia huzama katika mwanga wa jua wakati wa masika, tena huonekana mashariki alfajiri ya Juni. Anayekwenda msikitini mapema aitazame.

Kwa hiyo Kamati imekubali kuwa mikataba yote ya kukodi iandikwe tarehe mbili, ya mwezi na ya jua, siku ya kuanza na siku ya kumaliza, pamoja na idadi ya mavuno yanayokusudiwa. Mwenye karatasi ya zamani iliyosema "miaka mitatu" tu, ailete ofisini kabla msimu haujaingia, aje na mwenziwe, tuihesabu pamoja.