Shamba ya Shags Imejaa Miti? Panda Njugu Hapo Chini, Lakini Cheza na Kivuli

Kama kwenu ni Seme, Nyakach, Ahero ama Ndhiwa, hii story unaijua. Shamba ni kadogo, miti ni kibao, na mahindi iliyo chini yake inakonda kila msimu. Mathee anataka miti zikatwe, guka anasema mtu asiziguse. Maze, wote wawili wanaweza kuwa sawa, bora mbadilishe kile mnapanda hapo chini.

Kwanza, kufyeka miti zote si form. Sheria za 2009 zinataka kila mkulima Kenya aweke miti kwa angalau asilimia 10 ya shamba yake. Pia, mafuta mingi tunayopikia hutoka nje, hasa mawese ya Malaysia na Indonesia. Mnamo Aprili 2022 Indonesia ilifunga mauzo yake kwa wiki kadhaa, na hapa bei ilikuwa tayari imetuchoma. Sasa cheki punje ya njugu karanga: karibu nusu ya uzito wake ni mafuta.

Kwa nini njugu? Alizeti na simsim zinapenda jua kali. Ukiziweka kivulini zinarefuka tu na mbegu zinakuwa chache. Njugu inavumilia kivuli chepesi, na mizizi yake inaongezea udongo nitrojeni. Halafu kuna kayongo, ile gugu ya maua ya zambarau inayonyonya mahindi na mtama. Njugu inaamsha mbegu za kayongo ardhini, lakini kayongo haiwezi kuishikilia, so inadedi njaa. Mti wa sesbania, ule Wajaluo huita asao, unafanya kazi hiyo hiyo.

Lakini kivuli kizito ni noma. Njugu huchanua juu, kisha ua linashusha kikonyo kinachoingia kwa udongo kutengeneza ganda. Jua ikikosa, maua ni machache na maganda ni machache. So fanya hivi:

1. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, jua inapita juu ya kichwa kutoka mashariki hadi magharibi. Ukipanda miti mpya, panga mistari ifuate njia hiyo ya jua. Kivuli kingi kitaangukia miti zenyewe, si njugu. Kama shamba ni mteremko, fuata kontua, usiache mvua ibebe udongo.

2. Pogoa matawi ya chini kabla mvua ya Machi ianze. Grevilea na siala zinavumilia kukatwa, na kuni unabaki nazo.

3. Acha kama mita moja kutoka kwa shina. Hapo mizizi ya mti itakushinda kwa maji. Mikaratusi nayo iweke mbali kabisa, hiyo kitu inakunywa sana.

4. Panda mapema, mistari ikiachana sentimita 45 na mbegu sentimita 10 hadi 15. Shamba iliyofunikwa haraka haivutii sana vidukari, wale wadudu hueneza roseti, ugonjwa wa kudumaza njugu. Red Valencia hukomaa kwa miezi mitatu hivi.

Ganji hupotea wapi? Kwa kuanika. Chini ya miti kuna unyevu, na unyevu huleta ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Mwaka wa 2004 sumu hiyo ikiwa kwa mahindi iliua watu 125 Ukambani na maeneo ya karibu. Kukaanga ama kuchemsha haiitoi. So ng'oa, toa njugu kivulini, anika juani juu ya turubai, kamwe si kwa udongo. Tikisa ganda: punje ikilia ndani, imekauka. Yenye ukungu usiuze, usile, na usipatie kuku.

Kama bado unasita, jaribu na mistari miwili tu mvua ijayo, kando na mahindi ya mathee. Wakati wa kuvuna mtahesabu magunia pamoja, na guka atabaki na miti zake.