Mama, chora lupango wako kabla mwingine hajakupimia



Miaka michache iliyopita watu walikuja kupima nyumba ya mama yangu mzazi. Waliandika vyumba vitatu na saloni. Jiko la nje, alilolijenga mwenyewe kwa matofali mabichi na manjanja, halikuandikwa. Alipouliza, wakamjibu: «Mama, jiko haliko kwenye karatasi yetu.» Naye hakuwa na karatasi yake. Alikuwa na mdomo tu, na mdomo mbele ya karatasi yenye muhuri hauna nguvu.

Hapa kwetu jambo hili si dogo. Mji wa Kolwezi umekaa juu ya shaba na kobalti, na migodi inazidi kusogea kwenye milango yetu. Mwezi wa tisa 2023, Amnesty International na shirika la IBGDH walitoa ripoti juu ya watu waliohamishwa kwa ajili ya migodi katika Kolwezi na kandokando yake. Wengi walieleza kwamba walicholipwa hakikutosha kupata nyumba kama ile waliyoiacha. Sheria ya migodi, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inataka anayehamishwa alipwe fidia. Lakini tunajua wenyewe: kitu kisichohesabiwa hakilipwi.

Ndiyo sababu nilijifunza kuchora nyumba kwa kompyuta. Mimi nilisomea ualimu ISP, si ujenzi. Nilifikiri kazi hiyo ni ya wahandisi wa migodi peke yao. Mdogo wangu aliyesoma ufundi alinikalisha mbele ya mashine, na baada ya siku chache nikaona kwamba mama yeyote anayekata nguo anajua nusu ya kazi tayari. Fundi wa kushona hupima kwanza, huchora patroni kwa chaki, ndipo hushika mkasi. Hapa ni vilevile, ila chaki ni kipanya cha kompyuta.

Programu tunayotumia inaitwa FreeCAD. Ilianza kutengenezwa mwaka 2002, na toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Hailipiwi hata franka moja. Ukiisha kuiweka ndani ya kompyuta inafanya kazi bila intaneti, na unaweza kumpa mwenzako kwa flashi. Maandishi yake yanaweza kuwa ya Kifaransa, lugha ambayo watoto wetu wanaisoma shuleni. Kama kompyuta ni ya zamani sana na inachelewa, kuna LibreCAD, nayo ni ya bure na nyepesi zaidi, ila inachora michoro ya bapa tu.

Haya basi, tufuate hatua.

1. Pima kwanza. Usifungue kompyuta bila vipimo. Chukua mita ya mwashi, daftari, na mtu wa kukushikia upande wa pili. Usipime kwa hatua za miguu, kwa sababu miguu yako na ya jirani si sawa. Pima kila ukuta, kila mlango, jiko, choo, kisima, banda la kuku, na umbali wa kila kimoja toka kwenye ukingo wa lupango.

2. Fungua ukurasa wa kuchorea. Katika FreeCAD unaitwa «Esquisse». Programu itakuuliza unachora juu ya uso gani. Chagua ule wa XY, yaani unaiangalia nyumba toka juu, kama ndege anavyoiona.

3. Jua zana nne. Kuna mstari, mstatili, duara na tao. Kwa nyumba, anza na mstatili: bonyeza kona moja, kisha kona iliyo mkabala nayo. Duara litakufaa kwa kisima. Tao litakufaa kuonyesha mlango unafungukia upande gani. Ukitaka kuacha zana, bonyeza Esc. Ukikosea, bonyeza Ctrl pamoja na Z, kosa litafutika. Usiogope, hakuna kinachoharibika.

4. Weka masharti. Hapa ndipo wengi wanakwama, na hapa ndipo ulipo moyo wa kazi. Mchoro usio na masharti ni kama kikwembe kisichofungwa: ukiugusa unateleza. Sharti ni agizo unaloupa mstari: lala sawa, simama wima, gusana na mwenzako, lingana naye, uwe na mita kadhaa. Kwa Kifaransa utayaona chini ya «Contraintes». Ukiandika 6 peke yake, programu kwa kawaida itafikiri ni milimita 6, basi andika «6 m». Kila kitu kikifungwa sawasawa, mistari inageuka kijani. Ukiweka sharti linalopingana na lingine, programu italalamika. Futa moja, uendelee.

5. Hifadhi kila mara. Umeme wetu mnaujua.

Chukua mfano. Nyumba ina mita 6 kwa mita 8. Eneo lake ni mita za mraba 48. Sasa vuta mstari toka kona moja hadi kona ya mkabala, uulize programu urefu wake: itakuambia mita 10. Nenda nje, pima kona kwa kona kwenye nyumba yenyewe. Ukipata mita 10 pande zote mbili, kona zako zimenyooka. Ukipata 9.80 upande mmoja na 10.20 upande wa pili, kuta zimelala, na mchoro unapaswa kuonyesha hivyo hivyo. Usichore nyumba unayoitamani. Chora ile iliyopo, maana atakayekuja kuhakikisha atakuwa na mita yake.

Jambo moja nisiwafiche: mchoro hauchukui nafasi ya hati ya kiwanja, wala ya kazi ya mpimaji wa serikali. Lakini unakusaidia kusema kwa hesabu. Uchapishe, uandike tarehe, uweke pamoja na picha za kila upande wa nyumba, na umwombe mkuu wa kartie na majirani wawili watie sahihi. Nakala moja iwe kwako, nyingine kwa ndugu anayekaa mbali na hapa.

Na tuwaite mabinti wetu wakae karibu tunapochora. Katika familia nyingi, msichana anasikia kwamba kuchora mashine na majumba ni kazi ya kaka yake. Akimwona mama yake anafunga mstari ukageuka kijani, hatakubali tena maneno hayo.

Jiko la zamani la mama yangu halikulipwa. Alipohamia kwenye lupango mpya, siku ya kwanza, kabla hata ya kupika bukari, alinipa mita akashika upande wa pili. Jiko jipya, mita 3 kwa 2.50, liko kwenye mchoro. Karatasi ameiweka ndani ya sanduku, chini ya vikwembe vyake vizuri.

Kwenye mkutano wetu ujao, kila mama aje na vipimo vya chumba kimoja tu. Tutaanzia hapo.