Dhambi na Moyo wa Mwanadamu (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala hii tulizitazama Amri Kumi, tukaona ya kuwa nyingi katika hizo zahusu mambo ambayo jirani aweza kuyaona kwa macho yake, na wazee wa mji wakayakata penye lango kwa ushahidi wa watu wawili au watatu: mtu ameua, ameiba, amezini, amemshuhudia mwenziwe uwongo. Leo nataka tuanze na ile ya mwisho, ambayo Wakatoliki na Walutheri huihesabu kuwa mbili na wengine huihesabu kuwa moja, nayo ndiyo imkatazayo mtu kuitamani nyumba ya jirani yake, na mkewe, na watumishi wake, na ng'ombe wake na punda wake. Amri hii haina shahidi. Hakuna kadhi wala liwali wala jumbe awezaye kumwita mtu akamsomea mashtaka ya kuwa siku fulani, alipokuwa amekaa kimya kibarazani pake huku jirani apita na ng'ombe wake, alikuwa akimtamani yule ng'ombe. Naye Mtume Paulo, aliyelelewa katika Torati tangu utotoni, na ambaye kwa mambo ya nje ya sharia alijihesabu kuwa hana lawama, aeleza katika waraka wake kwa Warumi, mlango wa saba, ya kuwa ni amri hiyo hasa iliyomfunua mbele ya nafsi yake mwenyewe.

Ndiyo maana Yesu alipoulizwa na Mafarisayo na waandishi waliotoka Yerusalemu kwa nini wanafunzi wake wala chakula kwa mikono isiyotawadhwa, hakushughulika na habari ya maji. Aliwageuza watazame upande wa pili: chakula huingia tumboni kikatoka, wala moyoni hakifiki, lakini uzinzi, wizi, uuaji, tamaa, hila, husuda, matukano na kiburi, vyote vina kwao, na kwao ni ndani ya mtu. Msomaji na aitazame vyema orodha hiyo katika Injili ya Marko, mlango wa saba, kwa kuwa imeyachanganya mambo ya mkono na mambo ya batini bila kuyapambanua, uuaji ukikaa safu moja na husuda, kama ndugu wa tumbo moja wanavyokaa.

Watu wengi hulitumia fundisho hili vibaya. Wako wasemao, "Mungu anaujua moyo wangu," nao husema hivyo hususan pale wanapodaiwa: fedha za watu hawajazilipa, mke wamemwacha bila posho, lakini moyo, kwa madai yao, ni safi. Maneno yao ni kweli, tena kweli ya kutisha. Ila wao huyashika kama ngao, na hali imewapasa kuyasikia kama hukumu. Wako na wengine, nao wastahili kuhurumiwa zaidi, wenye dhamiri laini, ambao wazo ovu likiwapitia hujiona wamekwisha kuangamia, kisha huja sauti ya kuwaambia ya kwamba maadam wamekwisha kuwaza ni heri watende, kwa kuwa hukumu ni ile ile. Huo ni uwongo. Aliyemkasirikia nduguye hajamfanya mke wa nduguye kuwa mjane, wala watoto wake kuwa mayatima. Na Yesu aliposema habari ya hasira, na habari ya kumtazama mwanamke kwa kumtamani, hakuwa akiupunguza uzito wa kuua na wa kuzini, bali alikuwa akionyesha mahali vinapoanzia, ili mtu asingoje mpaka damu imwagike ndipo ajue ya kuwa ana neno na Mungu.

Wazee wa Kanisa la kale waliichungua sana habari hii, na baadhi ya walioichungua kwa makini kuliko wote walikuwa watu wa Afrika au walioishi Afrika. Evagrio wa Ponto, aliyezaliwa yapata mwaka 345 katika nchi ambayo sasa ni Uturuki na kufariki mwaka 399 katika jangwa la Misri, alikaa miaka mingi miongoni mwa watawa wa Nitria na Kellia, mahali palipokuwa na mchanga mwingi na vitu vichache mno, na huko akatambua jambo ambalo mtu wa mjini hulisahau: mtu akiondolewa vitu vyote, tamaa za vitu hivyo hubaki naye. Akayaandika mawazo manane yamwandamayo mtawa, yaani ulafi, uasherati, kupenda fedha, huzuni, hasira, ule uchovu wa roho umjiao mtu adhuhuri jua linapoonekana kana kwamba limesimama, kutaka sifa, na kiburi. Lakini akaweka na mpaka mmoja wenye rehema ndani yake, ambao laiti wenye dhamiri laini wangaliufundishwa mapema: wazo kuja au kutokuja si katika uwezo wetu, lililo katika uwezo wetu ni kulikaribisha likae, au kutolikaribisha. Agostino naye, alipoifasiri Hotuba ya Mlimani, aliueleza mwendo wa dhambi kwa hatua tatu: kwanza huja kishawishi, kisha nafsi huonja utamu wake, kisha moyo huridhia, na moyo ukisharidhia kabisa, dhambi imekwisha kutimia ndani, hata kama tendo halikupata nafasi.

Mahali ambapo Agostino alilifikisha jambo hili kwenye kina chake ni katika kitabu cha pili cha Maungamo yake, aliyoanza kuyaandika yapata mwaka 397, akiwa askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba katika pwani ya Algeria. Asimulia habari ya ujana wake huko kwao Thagaste. Alikuwa na umri wa miaka 16, masomo yamesimama kwa kuwa baba yake alikuwa akitafuta fedha za kumpeleka Karthago, na kazi yake ilikuwa kuzurura na vijana wenziwe. Karibu na shamba lao la mizabibu palikuwa na mpeasi uliojaa matunda, na matunda yenyewe hayakuwa ya kutamanisha kwa sura wala kwa ladha. Usiku mmoja, baada ya kucheza njiani mpaka saa za usiku mkuu kama ilivyokuwa desturi yao, wakaenda wakautikisa mti ule, wakabeba mzigo mkubwa wa mapeasi, wakaonja machache, na yaliyobaki wakawatupia nguruwe. Mapeasi mazuri kuliko hayo Agostino alikuwa nayo tele.

Wako wasomaji waliomcheka askofu mzima kwa kuandika kurasa nyingi juu ya matunda ya jirani, na hali alikuwa na mambo makubwa zaidi ya kujutia. Mimi naona ya kuwa hawakumwelewa. Mtu akiiba kwa njaa, sababu twaiona. Akiua kwa ajili ya shamba, au kwa kulipiza kisasi, sababu twaiona vilevile, ingawa hatuikubali. Agostino amtaja hata Catilina, yule Mrumi aliyevuma kwa ukatili, akasema ya kuwa hata yeye hakuupenda uovu kwa ajili ya uovu, bali alitaka mamlaka na mali. Basi kijana wa Thagaste alitaka nini? Njaa hakuwa nayo, mapeasi hakuyahitaji, na mwenye mti hasimuliwi kuwa alimkosea neno. Askofu ajigeuza huku na huku akitafuta, na kila sababu aishikayo yamponyoka, mpaka yabaki mawili: utamu wa kulifanya lililokatazwa kwa sababu limekatazwa, na furaha ya kuwa pamoja na wenziwe, kwa maana akiri ya kuwa peke yake asingalilifanya. Naamini alilichagua kosa dogo kwa makusudi. Tukiitazama dhambi kubwa, ukubwa wa faida yake hutuziba macho, tukadhani ya kuwa lau faida ile isingalikuwako mtu yule angalikuwa mwema. Faida ikiondolewa, kama hapa, hubaki moyo peke yake pamoja na kile ukipendacho. Na hilo ndilo fundisho lake kuu, ambalo Kanisa la Magharibi halijaliacha mpaka leo: dhambi ni mapenzi yaliyokosa mahali pake, mtu akikipenda kilicho chini kana kwamba kiko juu, na akijipenda mwenyewe kwa mapenzi yamstahiliyo Mungu.

Kwa sababu hiyo alishindana na Pelagio, mtawa aliyetoka Britania, ambaye alifundisha ya kuwa mtu akilijua jema na akiazimia aweza kulitenda, na ya kuwa kosa la Adamu limetudhuru kwa mfano wake tu wala si kwa asili. Mafundisho hayo maaskofu wa Afrika waliokutana Karthago mwaka 418 waliyakataa. Mkulima aliyepata kulima penye ndago atalielewa shindano hilo upesi kuliko mwanachuoni: afyeka leo, kesho kutwa majani yamechipua tena, kwa kuwa vijitunguu vyake vimebaki chini ya udongo. Azma ya mtu hufyeka. Na kufyeka kuna faida yake, mimi sikudharau hata kidogo, maana sharia, na adabu, na kuona haya mbele ya watu vimezuia maovu mengi katika miji yetu. Ila hakuna mwenye akili aliyefyeka ndago akasema kazi imekwisha. Msomaji Mwislamu huenda akayakumbuka hapa yale aliyoyaandika Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, juu ya maajabu ya moyo katika kitabu chake kiitwacho Ihya, na kwa hakika katika habari ya ria, na kibri, na husuda wazee hawa wawili wangalikaa jamvi moja wakasikizana sana. Wanapoachana ni hapo penye asili, kwa kuwa Uislamu haufundishi ya kuwa mtoto huzaliwa amerithi upotovu wa Adamu.

Katika nchi zetu habari hii imewafikia watu wengi si kwa vitabu vya wanazuoni bali kwa kijitabu cha picha. Johannes Gossner, padre Mjerumani ambaye baadaye alihamia Kanisa la Kilutheri, alikitoa mwaka 1812 akifuata kitabu cha zamani zaidi kilichotoka Ufaransa, na wamisionari wakakieneza Asia na Afrika kwa lugha nyingi. Katika picha ya mwenye dhambi pana kichwa cha mtu, na chini yake moyo mkubwa. Katikati yumo Shetani, naye amezungukwa na tausi, mbuzi, nguruwe, kobe, chui, nyoka na chura, ndio kiburi, uasherati, ulafi, uvivu, hasira, husuda na choyo. Ukiwaangalia vizuri utawatambua: ni mawazo ya Evagrio, ambayo Yohane Kasiano aliyachukua Misri akayapeleka Gallia, ndiyo Ufaransa ya leo, kisha Papa Gregorio Mkuu akayapanga upya mwishoni mwa karne ya 6. Yalitoka jangwani Misri, yakazunguka Ulaya miaka elfu na zaidi, yakarudi Afrika yamevaa manyoya na magamba.

Picha hiyo imewafaa wengi, hata wasiojua kusoma, wala sitaki kuivunjia heshima. Lakini ina upungufu mmoja ulio mkubwa, nao ni kwamba yamfanya mtu adhani wanyama wale ni wageni walioingia kwa mlango uliosahauliwa wazi, na ya kuwa wakifukuzwa mwenye nyumba atabaki safi kama alivyokuwa siku zote. Agostino asingalikubali. Aliyeupenda wizi usiku ule hakuwa chura wala nyoka aliyekaa ndani yake, alikuwa yeye. Kikulacho ki nguoni mwako, wasema wazee, na katika jambo hili kiko karibu zaidi ya nguo.

Hilo ndilo lililowashtua Wakristo wa Afrika Mashariki katika ule uamsho uliotokea Rwanda na Uganda. Mwezi wa Septemba mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alikutana mjini Kampala na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali, wakakaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba, kwa kuwa wote wawili waliihuzunikia baridi iliyoliingia Kanisa. Baridi hiyo haikuwa ya wapagani. Ilikuwa ya watu waliobatizwa, wenye kwenda ibadani kila Jumapili, wenye majina daftarini. Katika miaka ya 1930 moto ukaenea mpaka Kenya na Tanganyika, na waliosimama mbele ya wenzao kuungama walikuwa walimu, na waimbaji, na wachungaji. Yalirudishwa majembe, na ng'ombe, na fedha. Lakini wengine hawakuwa na kitu cha kurudisha, kwa kuwa waliloungama ni kinyongo walichokifuga, au husuda juu ya mwenzi aliyepandishwa cheo. Na baadhi ya wamisionari wa Kizungu wakaungama ya kuwa walikuwa wakiwadharau Waafrika wale wale waliokuja kuwahubiria. Dharau hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote cha nidhamu ya kanisa. Mtu angaliweza kuishi nayo miaka 30, akajenga hospitali na shule, akazikwa kwa heshima kubwa, na asiwepo hata mmoja wa kumshtaki.

Hata hivyo uamsho nao ulipatwa. Katika sehemu nyingine ungamo likawa ada, wakatokea waliopimana imani kwa mavazi na mapambo, na kwa ufasaha wa kuzisimulia dhambi zao za kale, na mwenye kuungama sana akajiona bora kuliko mwenye kuungama kidogo. Sisemi haya kwa kuwashushia hadhi ndugu wale, ambao nawaheshimu kwa dhati. Nayasema kwa sababu yaonyesha jinsi ugonjwa ulivyo, kwamba moyo waweza kujificha hata ndani ya toba. Nabii Ezekieli, aliyekuwa miongoni mwa Wayahudi waliohamishwa Babeli, hakuwaahidi watu wake moyo uliosafishwa, bali moyo mwingine, wa nyama mahali pa ule wa jiwe, na mwenye kuutoa si mtu. Maana ya ahadi hiyo, na jinsi Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri wanavyoieleza wanapofundisha habari za ubatizo na kitubio, tutaitazama katika sehemu ya tatu.