Programu huria na watunzi wake (2): Nne kwa nne

Wiki iliyopita tuliona jinsi programu huria zinavyotungwa na watu wanaojitolea. Leo tuulize: wakivutana, nani mwamuzi? Hakuna bosi wa kumfukuza mtu, wala mshahara wa kukatwa.

Tuitazame Debian, mfumo endeshi ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993. Katiba yake ya 1998 inasema hakuna anayelazimika kufanya kazi yoyote ya mradi. Ila asiyeitaka kazi asizihujumu kanuni wala maamuzi yaliyofikiwa kwa kuzifuata. Kwa hiyo uamuzi wowote utasimama tu iwapo walioshindwa watauvumilia.

Kompyuta inapowashwa, ipo programu moja inayotangulia kuamka na kuziamsha nyingine zote. Debian ilihitaji mpya. Wengine walitaka systemd, yenye uwezo mkubwa. Wapinzani wakalalamika kwamba inajitwika kazi nyingi mno, na kwamba inategemea kiini cha Linux peke yake. Wengine waliipendelea Upstart, iliyotungwa kwa ajili ya mfumo mwingine, Ubuntu. Mabishano yakafikishwa mbele ya Kamati ya Ufundi yenye wajumbe wanane. Februari 2014 kura zikagawanyika nne kwa nne. Mwenyekiti, Bdale Garbee, akatumia kura yake ya uamuzi kuipa ushindi systemd.

Je, ugomvi uliisha? La. Novemba mwaka huohuo wanachama wote waliitwa kupiga kura kuhusu ugomvi huo. Katika Debian mpiga kura hachagui jambo moja tu: huyapanga yote kwa namba, 1, 2, 3, kadiri anavyoyapenda. Kisha kila pendekezo hupambanishwa na kila lingine, mawili mawili, na linaloyashinda yote ndilo hupita. Miaka hiyo karatasi ilikuwa pia na chaguo la kuendelea kujadili. Pendekezo lililoshindwa na chaguo hilo lilianguka. Mara ile lilishinda pendekezo lililosema hapakuwa na haja ya azimio la mradi mzima. Wengi waliona suala hilo liachiwe taratibu za kawaida.

Walioshindwa walishika njia mbili. Mark Shuttleworth, mwasisi wa Ubuntu, siku chache tu baada ya uamuzi wa kamati alitangaza kwamba Ubuntu nayo ingehamia systemd, akaiacha Upstart iliyotoka nyumbani kwake. Wengine walichukua nakala ya Debian, wakaiondoa systemd na kuunda Devuan. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka Mei 2017. Leseni huria iliwapa haki hiyo, na hakuna aliyehitaji kuwapa ruhusa.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Naamini watu hawa wanatuongezea somo: kushindwa hukubalika pale aliyeshindwa anapojua alisikilizwa, kura yake ilihesabiwa, na mlango wa kutokea haukufungwa. Sisi tulio kwenye vyama na vikundi tungefaa kulitafakari hilo kabla ya mkutano ujao.

Wiki ijayo: nani hugharimia kazi ya kujitolea?