Kufundisha Majira na Uchafu wa Hewa: Mfano wa Dar es Salaam

Somo la hali ya hewa mara nyingi hufundishwa kana kwamba halihusiani na afya. Mtoto hukariri majina ya pepo na miezi ya mvua, lakini haelezwi kwa nini mwenzake mwenye pumu hubanwa na kifua asubuhi fulani. Yafaa mwalimu aunganishe mambo haya mawili.

Mjini Dar es Salaam moshi wa magari, wa mkaa na wa takataka hutoka mwaka mzima. Kinachobadilika ni uwezo wa anga wa kuuondoa. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mvua huosha hewa na kulowesha vumbi. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua huwa haba, na vumbi la barabara za udongo hutimka. Mchana kusi hutawanya uchafu huo. Usiku ulio shwari, usio na mawingu, ardhi hupoa upesi pamoja na hewa iliyo karibu nayo. Hewa baridi ni nzito, haipandi. Basi moshi hubaki chini, mithili ya mvuke ndani ya chungu kilichofunikwa. Jua linapopanda, ardhi hupata joto, hewa huinuka, na kifuniko hicho huondoka.

Kwa jaribio, pakeni mafuta mazito juu ya sahani mbili nyeupe. Wekeni moja karibu na barabara, nyingine mbali nayo. Baada ya siku moja isiyo na mvua, wanafunzi wazilinganishe. Rudieni mwezi Aprili na mwezi Julai. Waelezwe kwamba chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu hazionekani kwa macho. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa.

Hatimaye mwalimu ajitazame mwenyewe. Ni desturi yetu kuwaamuru watoto wafagie uwanja mkavu na kuchoma majani alfajiri, yaani saa ile ile ambayo hewa imetulia. Uwanja na unyunyiziwe maji kwanza; majani yafukiwe shimoni yawe mbolea; na mwenye pumu apewe kazi nyingine. Somo ambalo halibadili zamu ya asubuhi bado halijafundishwa.