San Miniato: Mji wa kilimani unaouza harufu kwa gramu

KATIKA wikiendi tatu za mwisho za Novemba, vichochoro vya San Miniato, mji wa zama za kati uliopo juu ya kilima kati ya Florence na Pisa nchini Italia, hufurika wanunuzi wanaofuata bidhaa moja isiyopendeza kwa macho. Inafanana na kiazi kilichosinyaa, ina udongo, na harufu yake humpokea mgeni kabla hajafika kwenye banda. Hiyo ndiyo tartufo nyeupe, uyoga unaoota chini ya ardhi penye mizizi ya miti na kuuzwa kwa gramu kama dhahabu.

Dhahabu, hata hivyo, haiozi. Sehemu kubwa ya tartufo ni maji, na tangu saa inapochimbwa huanza kupungua uzito na harufu. Baada ya siku saba hadi kumi hubaki kitu kidogo cha kumwuzia mteja. Dalali aliyenunua asubuhi na kulala na mzigo huamka na hasara hata kama bei sokoni haijatikisika. Hakuna ghala la kusubiria bei nzuri, na ndiyo sababu mchimbaji, dalali na mwenye mgahawa wote hufanya biashara kwa haraka.

Upande wa ugavi nao una mashaka yake. Tartufo nyeusi hulimwa Ufaransa, Hispania na hata Australia. Ile nyeupe imekuwa ngumu kupandwa. Watafiti wa Ufaransa walitangaza mwaka 2021 kwamba wameivuna katika miti waliyoipanda, lakini soko bado linategemea ya porini. Kwa hiyo mvua za kiangazi ndizo zinazopanga bei. Mwaka 2017 ukame uliifikisha bei zaidi ya euro 500 kwa gramu 100 huko Alba, soko kubwa la kaskazini. Mwaka uliofuata mvua zilinyesha na bei ikaporomoka.

Anayetaka kuchimba hulazimika, kwa sheria ya mwaka 1985, kufaulu mtihani, kupata leseni na kutumia mbwa aliyefunzwa. Kishimo kilichochimbwa sharti kifukiwe. Wachimbaji wengi huenda usiku au alfajiri ili jirani asijue mti wenye mali, na siri hiyo hurithishwa ndani ya familia. Mbwa ndiye mtaji mkuu, na washindani wasio na huruma wamekuwa wakitega nyama yenye sumu msituni. Mchimbaji akipoteza mbwa katikati ya msimu, msimu wake umekwisha.

Wenyeji wa San Miniato hawachoki kumtaja Arturo Gallerini, aliyeitwa Bego, ambaye mwaka 1954 alichimba tartufo ya gramu 2,520 akiwa na mbwa wake Parigi. Ilipelekwa Marekani kwa Rais Eisenhower.

Wawekezaji watavutiwa zaidi na hesabu za minada. Mwaka 2007 tartufo ya karibu kilo moja na nusu, iliyopatikana katika vilima vya jirani upande wa Palaia, ilinunuliwa na Stanley Ho, tajiri wa kasino wa Macau, kwa dola 330,000. Hiyo ni kama dola 220 kwa gramu. Mwaka 2014 nyingine ya karibu kilo 1.9, iliyotoka Umbria, iliuzwa New York kwa dola 61,250, yaani dola 32 hivi kwa gramu, ingawa ilikuwa kubwa zaidi. Kwenye minada hiyo hununuliwa pia sifa na picha za magazetini, na hizo hazina bei ya soko.

Kisa cha London cha mwaka 2004 ni kichungu zaidi. Tartufo ya gramu 850 hivi, iliyogharimu pauni 28,000, ilifungiwa kwenye jokofu la mgahawa mmoja wakati mpishi mkuu yuko safarini. Aliporudi ilikuwa imeoza. Ilirudishwa Toscana na kuzikwa.

Mji wenyewe hauishi kwa uyoga peke yake. Mnara wa Mfalme Federico II, uliobomolewa na Wajerumani mwaka 1944 na kujengwa upya baadaye, huvuta watalii mwaka mzima. Chini bondeni, Ponte a Egola, viwanda vya ngozi ndivyo vinavyotoa ajira ya kila siku. Tartufo huuletea mji jina na wageni wa Novemba.

Mnunuzi mgeni awe macho. Wapo wauzaji wanaojaza udongo kwenye matundu ili kuongeza uzito, au kuunganisha vipande kwa kijiti vionekane tartufo moja kubwa. Mafuta mengi yanayouzwa kwenye chupa kwa jina la tartufo yametiwa harufu ya maabara. Msimu wa tartufo nyeupe hufungwa Desemba 31. Kuanzia katikati ya Januari huingia aina nyingine iitwayo marzuolo, nayo ni nyeupe, lakini hunukia kama kitunguu saumu na bei yake ni ya chini sana. Anayeonyeshwa “tartufo nyeupe” mbichi mwezi Machi aulize jina lake kamili kabla mzani haujawekwa mezani.